Kilemba, Shavu, Kidevu

Wanawake wa kanisa la Kanyezi, chini ya milima ya Dedza, walikuwa wamekubaliana zamani kwamba Dailesi, mke wa Laiton fundi bati, ana ugonjwa wa kutotulia. Mchungaji akishataja tu namba ya wimbo, Dailesi anajigusa kilemba, anajigonga shavu, anajipapasa kidevu, mpaka jirani yake wa benchi anapata kiwiko cha ubavu. Jirani huyo alikuwa Losaliya, binti wa mama yake mdogo, kwa hiyo alikuwa na ruhusa ya kusema, na alisema kweli kweli. Alimwambia kama ni chawa akanyoe nywele, kama ni mashetani aombewe, lakini mbavu za watu aziache. Dailesi alicheka, na Jumapili iliyofuata mkono ukarudi palepale kwenye kilemba.

Ukweli waliujua watu wawili tu, yeye na mumewe. Laiton alikuwa kiziwi. Si yule kiziwi wa kuambiwa mara mbili, hakusikia kitu. Miaka yote ya kugonga mabati, kutengeneza ndoo na makarai na keni za kumwagilia mboga, ilimla masikio kidogo kidogo, kwanza la kulia, kisha la kushoto, ikamwachia mvumo mmoja wa mbali, nao haukukaa. Siku aliyogonga ukingo wa karai asisikie chochote, aliweka nyundo chini akaingia ndani kumwambia mkewe, na akalia. Hakuililia kazi, maana bati unaweza kulipiga kwa macho. Alizililia nyimbo.

Laiton ndiye aliyekuwa mwanzishaji. Kanyezi hawana kinanda. Mchungaji anataja namba, kanisa linanyamaza, na kutoka upande wa wanaume, mwisho wa benchi la pili penye njia ya katikati, sauti ya Laiton inatoka peke yake na mstari wa kwanza. Wengine wanadakia wa pili. Alianza kazi hiyo ndevu hazijamkaa vizuri, siku mwanzishaji wa zamani alipopaliwa na vumbi katikati ya wimbo, na hakuna aliyewahi kumpa kazi hiyo rasmi wala kumnyang'anya. Siku za wiki alikuwa fundi wa viganja vyeusi ambaye kila mtu anamdai ndoo yake. Jumapili kanisa zima halikufungua mdomo mpaka yeye afungue. Anayeona hilo ni jambo dogo hajawahi kusubiriwa na watu.

Dailesi alimsikiliza mpaka akamaliza, akamshika uso kwa mikono miwili ili aione midomo yake.

"Sasa unalia nini, baba? Masikio yangu mawili yanatutosha."

Ndipo wakapanga. Kilemba kwa mamia, shavu kwa makumi, kidevu kwa moja moja. Sauti ikipanda kupita kiasi, kilemba kitavutwa chini kidogo. Kwa kuwa wanaume hukaa kulia na wanawake kushoto, Dailesi alihamia mwisho wa benchi lake, mahali ambapo Laiton akigeuza shingo kidogo tu anamwona ng'ambo ya njia. Sauti yenyewe aliijua kwa kifua, inavyotetema chini ya koo ikiwa ya chini na inavyopanda kwenye fuvu ikiwa ya juu. Watu wakasema sauti ya Laiton haizeeki. Na kwa kuwa kwenye banda la bati Dailesi alikaa kando yake akiwajibu wateja, wakasema pia kwamba amemlisha limbwata, mwanaume mzima hawezi kutaja bei ya karai mpaka amtazame mkewe. Dailesi aliyabeba yote hayo kwa raha zake. Mwanamke anayekubali kuitwa mwenye chawa na mchawi ili mumewe aendelee kuimba, sijui tumpe jina gani.

Ishara moja haikuwa ya namba. Kwenye wimbo wa mwisho, akishamaliza kugonga kidevu, Dailesi aliweka kiganja kifuani na kukiacha hapo kitambo. Hiyo ilikuwa ya zamani kuliko uziwi. Ilianza yeye akiwa binti wa kwaya, na Laiton kijana ambaye wajomba zake Dailesi walimtazama kwa jicho la pembeni, hawaruhusiwi hata kusimama pamoja kwenye kivuli, na maana yake ilikuwa: nisubiri mlangoni. Wakaoana, wakazaa, wakazika wazazi, na bado kila Jumapili aliweka kiganja, kana kwamba mwanaume huyo angeweza kutoroka. Na kila Jumapili Laiton alisimama mlangoni, kofia mkononi, mpaka amwone anatoka, ndipo waende nyumbani kula nsima yao, ugali wa kwao.

Dailesi alifariki mvua za kwanza zilipoanza. Ilikuwa homa, na haikuchukua muda.

Laiton alikaa ndani mpaka mahindi yakafika kiunoni, na bado hakwenda kanisani. Watu walikuja kumpa pole, wakakaa, wakasema maneno yao, naye akaitikia ndiyo, ndiyo, hata palipostahili hapana. Waliondoka wakisema msiba umemchanganya. Mchungaji Kachale alikuja pia, akaongea kwa muda mrefu, kichwa ameinamisha kwa huruma, na kwa huruma hiyohiyo Laiton hakuona neno hata moja kwenye midomo yake. Alichoelewa ni kidole kilichoelekezwa kanisani. Kumbe walikuwa wanamsubiri. Wimbo ulikuwa ukianzishwa na yeyote aliyejisikia, watatu kwa mpigo, kila mmoja na sauti yake, na kanisa lilikuwa limechoka.

Akakata shauri. Angekwenda mara moja. Angeanzisha nyimbo za siku hiyo kwa namna yoyote atakayoweza, na ibada ikiisha angeweka kitabu chake cha nyimbo juu ya meza ya mbele, mbele ya wote, kisha maisha yake yote angekaa nyuma kabisa na wazee wanaosinzia. Afadhali kuliweka jambo chini mwenyewe kuliko kupokonywa huku watoto wanacheka. Lakini siku hiyo moja alitaka aimalize vizuri, asimwaibishe Dailesi. Na alikuwa na tegemeo: mtu atakayekaa mahali pa Dailesi atafungua kitabu, na macho yake ya fundi yaliweza kusoma namba ya wimbo kutoka ng'ambo ya njia.

Ilikuwa Machi, Pasaka inakaribia. Mlangoni alikutana na Losaliya, amevaa sare yake ya akina mama wa kanisa, blauzi nyeupe na kilemba cheupe. Kwa kuwa yeye ni shemeji na shemeji ana haki yake, alimwanza kabla ya salamu.

"Shemeji, leo umevaa koti, au koti ndilo limekuvaa wewe?"

"Ndiyo, ndiyo," akajibu Laiton.

Losaliya alikuwa amejiandaa kurudishiwa tusi la haja. Alibaki amesimama, akimtazama anavyoingia.

Laiton akakaa mahali pake, akageuza shingo. Mahali pa Dailesi palikuwa patupu. Akina mama walikuwa wameshauriana na kukubaliana kwamba dada yao hawezi kukaliwa nafasi yake hivi hivi, kwa hiyo waliiacha wazi, na juu ya benchi wakaweka kilemba chake cha sare, kimefuliwa, kimepigwa pasi, kimekunjwa vizuri. Lilikuwa jambo la upendo, na walilifanya kwa machozi. Hawakujua wanamziba masikio.

Aliangaza kulia na kushoto. Kando yake alikuwa mzee Gulumba, ambaye hana kitabu na hajawahi kuwa nacho. Yeye husubiri Laiton aanze. Mbele yake kulikuwa na migongo mipana ya wazee wa kanisa. Losaliya, aliyefuata baada ya ile nafasi tupu, alishika kitabu chake karibu na pua kwa sababu ya macho mabovu, jalada ndilo limeelekea kwa watu. Mchungaji Kachale akasimama, akafungua kitabu, akasema kitu kuelekea kifuani mwake. Kisha watu wote wakatulia, na Laiton akajua ni zamu yake.

Alijaribu kukisia. Ulikuwa msimu wa nyimbo za toba, na za toba alizijua zote. Lakini macho yake yalikuwa yamerudi kwenye kile kilemba kilichokunjwa, na kichwa kikawa kitupu kabisa. Mdomo ulifunguka wenyewe. Kilichotoka ni wimbo wa wachungaji wa kondoo na malaika wao usiku wa Noeli, aliokuwa akiupenda Dailesi, aliokuwa akiuimba hata anapopepeta mahindi.

Alijua kabla ya kufika mwisho wa mstari. Hakuna mdomo uliofunguka. Binti mmoja wa kwaya alijifunika uso kwa kitabu, na mabega yake yanacheka. Mzee Gulumba aligeuka kumtazama kwa mshangao, na mchungaji aliinua macho, kidole bado kimebaki kwenye ukurasa wake wa toba. Wimbo ukishaanza haurudishwi kama ndoo iliyokosewa mshono. Laiton alisimama tu pale, mtu mzima, na Krismasi mdomoni mwezi wa tatu.

Akamwona Losaliya. Hakuwa anacheka. Alikuwa anamtazama yeye, kisha ile nafasi tupu, kisha yeye tena, na mkono wake ulikwenda polepole kwenye ubavu wake wa kulia, pale kilipokuwa kikimpata kile kiwiko. Akashusha kitabu. Akafungua mdomo mkubwa na kuuimba mstari wa pili wa malaika, peke yake, huku amemkazia Laiton macho kama mtu anayemshika mwenzake mkono kwenye utelezi. Akina mama wakatazamana, halafu wakamfuata. Kisha wanaume. Kisha mchungaji Kachale akafunga kitabu chake na kuimba naye, na wakaenda beti zote mpaka mwisho, na kuna waliokuwa wanafuta machozi, maana walidhani mjane wa kiume ameuchagua wimbo wa mkewe kwa makusudi.

Laiton hakujidanganya. Alikaa chini amekishika kitabu kwa nguvu. Ameaibika, na hiyo ndiyo namna atakavyokumbukwa. Wakati wa mahubiri aliangalia ile meza ya mbele na kuhesabu atapita wapi, avuke vipi miguu ya wazee, aseme nini au asiseme kitu. Ng'ambo ya njia Losaliya naye hakuwa kwenye mahubiri. Vidole vyake vilikuwa vinacheza mapajani, mara viwili, mara vinne, kama mtu anayehesabu karanga kichwani mwake, na midomo inakwenda.

Mchungaji akainuka kutaja wimbo wa mwisho, na hapo Losaliya alifanya jambo lililoshtua benchi zima. Alichukua kilemba cha Dailesi, akakipakata, akasogea na kukaa mahali pa marehemu. Mama mmoja wa nyuma alimvuta blauzi. Losaliya aliuondoa mkono huo bila kugeuka.

Kisha akajigusa kilemba, mara mbili. Akajigonga shavu, mara moja. Akajipapasa kidevu, taratibu, mara moja moja, kwa uso uliokunjwa wa mtu anayeogopa kukosea, mpaka saba. Mbavu zake zilikuwa zimejifunza miaka yote hiyo bila kumwambia mwenyewe.

Laiton alisoma: mia mbili kumi na saba. Alikuwa ameshavuta pumzi. Na Losaliya, kwa kuwa hivyo ndivyo Dailesi alivyofanya siku zote kwenye wimbo wa mwisho, na hakutaka kuacha kitu, akaweka kiganja kifuani na kukiacha hapo.

Pumzi ile ikamtoka Laiton bila wimbo. Kanisa lilisubiri. Lilisubiri mpaka watoto wakaanza kugeuka, na hakuna aliyethubutu kuanza badala yake. Uchungu wote aliouweka ndani tangu mvua za kwanza ulimpanda kwa mkupuo, na chini yake kulikuwa na furaha, furaha kabisa, ya mtu aliyeitwa na yule aliyedhani hatamwita tena. Alifuta uso kwa mkono wake mweusi. Akaanza. Sauti ilitoka juu mno, akaona Losaliya anakivuta kilemba chake chini kidogo, akaishusha, na kanisa likaudaka mstari wa pili kwa pamoja.

Kitabu hakikufika mezani. Watu walipoanza kutoka Laiton alikikuta kiko kwapani mwake, naye amesimama mlangoni, kofia mkononi. Walimpita wakimshika mkono, mchungaji akampiga bega, akina mama wakapiga magoti kidogo kumsalimu. Losaliya alikuwa wa mwisho, kilemba cha Dailesi mikononi, na maneno ya utani tayari kwenye ulimi. Alipomkaribia aliyaacha. Alisimama mbele yake, akamwelekezea uso mzima, akayatamka maneno moja moja.

"Shemeji. Unamsubiri nani?"

"Nimeambiwa nisubiri," akasema Laiton.

Losaliya alitaka kuuliza ameambiwa na nani. Kisha akautazama mkono wake mwenyewe, ule wa kulia aliouweka kifuani. Alisogea akasimama kando yake, wakaangalia pamoja ndani ya kanisa lililokwisha kuwa tupu, na walikuwa bado wamesimama hapo mfunga mlango alipokuja na ufunguo.