Mwalimu wa Milima ya Mbali

Nilianza kufundisha Kakuma mwanzoni mwa mwaka 2012, katika shule moja ya sekondari ndani ya kambi. Mimi ni Mturkana wa Lodwar, na somo langu lilikuwa Kiswahili. Wengi wa walimu wenzangu walikuwa wakimbizi waliomaliza kidato cha nne hapo hapo kambini, wakapewa chaki na darasa. Mmoja wao alikuwa mwanamke wa Sudan Kusini, mrefu, mwenye sauti ya chini, aliyefundisha jiografia. Wanafunzi walituita walimu wa kike sote madam, lakini yeye walimwita madam wa milima.

Milima yenyewe haikuwa Kilimanjaro wala Mlima Kenya. Ilikuwa ya Asia: Himalaya, Karakoram, Hindu Kush, Tian Shan. Silabasi ilimpa vipindi vichache tu vya kueleza jinsi ardhi inavyojikunja hadi kuwa milima. Yeye alikaa huko karibu muhula mzima.

Tulijuana kwa ugomvi. Asubuhi moja nilipita nje ya kidato cha pili nikamkuta amezungukwa na wanafunzi, katikati yao beseni kubwa lililojaa mchanga mbichi kutoka mto Tarach, umefinyangwa vilele vilele. Alikuwa anamimina maji juu ya mchanga huo kutoka kwenye mtungi wa plastiki. Wiki hiyo mifereji ilikuwa imekauka, na wanawake wa kwetu walikuwa wanachimba visima katikati ya lagga, mto uliokauka, kupata maji ya kunywa.

"Madam, hayo maji yana kazi nyingine," nikamwambia.

Hakukasirika. "Ni ya kuoshea sufuria, dada. Niliomba jikoni. Nusa."

Nikanusa. Yalinuka maharagwe na mafuta. Wanafunzi wakacheka, nami nikaona aibu kuondoka hivyo, basi nikabaki nikasikiliza.

"Urefu peke yake unadanganya," alikuwa anawaambia. "Huyu hapa ni Lhotse, wa nne duniani kwa urefu. Lakini amesimama kwa bega la Everest. Ukishuka kidogo tu kutoka kwake, umeshaanza kupanda Everest. Ni mtoto amebebwa mgongoni. Anaona mbali, lakini si kwa miguu yake."

Akamimina tena. Maji yakapanda, yakafunika mabonde, yakafunika na ukingo uliounganisha vilele viwili vya upande mwingine wa beseni. Kilele kimoja kikabaki kisiwa peke yake.

"Sasa huyu ni Nanga Parbat. Dunia ikijaa maji mpaka yeye atenganishwe na kila mlima unaomzidi, pima kutoka kwa maji mpaka kichwa chake. Hiyo ndiyo inaitwa kujitokeza. Hiyo hakuna mtu amemwazima."

Akawatajia wengine wa namna hiyo: Namcha Barwa kule mashariki mwa Himalaya, mto mkubwa umeuzunguka kama kamba, Tirich Mir wa Hindu Kush, na Jengish Chokusu wa Tian Shan, jina ambalo darasa zima lililirudia kwa kicheko siku nzima.

Mchana tulikula pamoja. Nikamuuliza kama amewahi kuishi karibu na mlima.

"Mimi? Kwetu ni nyasi na maji tu. Kitu kirefu kwetu ni kichuguu."

"Sasa hii milima uliitoa wapi?"

"Darasa la sita nilipata atlasi. Kurasa za Afrika zote zilikuwa zimechanwa, Ulaya pia. Ilibaki Asia. Nikasoma Asia."

Alisema hivyo bila kutafuta kuhurumiwa, akaendelea kula. Tangu siku hiyo tukawa tunakula pamoja kila mchana.

Likizo ya Agosti aliomba kibali cha kutoka kambini, akaja kunitembelea Lodwar. Nyumbani ni Nawoitorong, na mama yangu alikuwa ameketi uani akisuka kikapu cha majani ya mkoma. Akamsalimia kwa lugha yetu, "Ejok?" na mgeni akaitikia, "Ejok-noi," vizuri kabisa. Mama akapenda. Akamtengenezea chai ya maziwa mengi, kisha akamuuliza kile ambacho mimi, kwa miezi yote ile, sikuwa nimethubutu kumuuliza.

"Na mama yako yuko wapi?"

"Sijui, mama."

Mama alimsogezea sukari.

Kesho yake asubuhi tukapanda kilima kilicho nyuma ya mji. Si kilima cha kutisha, watoto wa Lodwar hukipanda wakicheza, lakini rafiki yangu alikipanda polepole, akisimama kila mara kutazama nyuma. Kule juu akakaa kwenye jiwe. Chini yetu kulikuwa na mabati ya mji yaking'aa, mikoma ya kando ya mto Turkwel, na baada ya hapo mchanga tu.

"Tulipokimbia vita nilikuwa mdogo sana," akasema. "Mama alikuwa na mtoto mwingine mgongoni, mimi nilikuwa nimeshika nguo yake. Watu wakasukumana. Nikashika nguo nyingine. Nilipoangalia juu, haikuwa mama. Ilikuwa shangazi."

"Hukumtafuta?"

"Ningemtafuta wapi? Shangazi alinileta mpaka hapa. Naye alifariki." Akafuta jasho shingoni. "Ningeuona uso wake leo, singeujua."

Nilimshika mkono, tukakaa hivyo mpaka jua likawa kali.

Miezi michache baadaye, mtu wa ukoo wao alifika kambini akasema mama yake yu hai. Anauza chai mjini Bor, kwao Sudan Kusini, na amezeeka. Nilidhani rafiki yangu atafurahi. Alikuja shuleni na macho mekundu, akafundisha vipindi vyake vyote, halafu akanifuata kwenye chumba cha walimu.

"Ninaogopa," akasema. "Lugha ya nyumbani nimeisahau nusu. Nitamwambia nini?"

"Mwambie umefika. Mengine yatakuja."

Aliondoka Aprili 2013. Nilimsindikiza mpaka zinapopakia pikapu za Lokichoggio, kuelekea mpakani. Alikuwa na begi moja na mkeka. Hakulia, mimi ndiye niliyelia, naye akanipangusa kwa leso yake mwenyewe akisema abiria watadhani ananifukuza nyumbani.

Alinipigia simu baada ya kufika. Laini ilikuwa inakatikakatika.

"Ni mfupi!" akasema. "Dada, mama yangu ni mfupi. Mimi nilikuwa namkumbuka mrefu sana." Akacheka. "Ananipikia kila siku. Nikisema nimeshiba hasikii."

Akapata kazi ya kufundisha katika shule ya msingi huko. Alikuwa ananipigia mara moja moja, na kila mara Kiswahili chake kilikuwa kimepungua kidogo na lugha ya mama yake imeongezeka. Nilifurahi kwa ajili yake, ingawa meza yetu ya mchana ilikuwa imebaki na mtu mmoja.

Desemba shule zilipofungwa nikarudi Lodwar. Katikati ya mwezi, redio ya mama ikasema kuna mapigano Juba. Baadaye ikaitaja Bor. Nikampigia. Hapatikani. Nikampigia asubuhi, mchana na jioni, siku baada ya siku, sauti ile ile ya mashine ikinijibu. Krismasi tulikwenda kanisani, mama akamwombea, tukarudi kula bila hamu.

Siku chache kabla ya mwaka kwisha nikapanda basi la Kakuma. Malori yalikuwa yanaleta watu kutoka mpakani, wengi wao akina mama na watoto, vumbi limewafanya wote rangi moja. Nilizunguka kwenye kituo cha kupokelea wageni nikiulizia mwalimu mmoja, mwanamke mrefu, wa Bor.

"Dada," mwanamke mmoja akanijibu kwa upole, "sisi wote ni warefu."

Aliyenisaidia ni jirani wa zamani wa rafiki yangu hapo kambini, mama mmoja wa lugha yao aliyejua Kiswahili. Alinishika mkono akanipeleka pembeni mwa turubai, kwa bibi mmoja mfupi aliyekaa juu ya gunia.

"Huyu amefika jana," akasema. "Anauliza iko wapi shule ya binti yake."

Nikapiga magoti mbele yake. Jirani akamweleza mimi ni nani, akawa anatufasiria. Yule bibi alinitazama kwa muda mrefu, halafu akasema maneno machache kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Jirani akafasiri.

"Anasema walikuwa wanatoka mjini na watu wengi. Binti alikuwa nyuma yake. Akasikia risasi, akageuka, binti amelala chini. Watu wakamvuta yeye, wakamwambia usisimame. Hakumzika. Hajui kama kuna mtu alimzika."

Nilishika miguu yake iliyopasuka kwa kutembea nikalia juu yake, naye akaniwekea mkono kichwani, yeye aliyepaswa kufarijiwa.

Nilipotulia akanena tena.

"Anasema, nyinyi mlikaa naye miaka yote. Yeye alipata miezi minane. Anaomba umwambie alikuwa mtu gani."

Nikaketi chini. Nikamwambia tulivyogombana kwa ajili ya maji ya sufuria. Nikamwambia alivyokula polepole, alivyopanga chaki zake kwa rangi, alivyomjibu mama yangu kwa Kiturkana. Nikamwambia alifundisha milima.

"Milima ipi?" akauliza.

Nikaitaja yote niliyoikumbuka, na jirani hakuwa na maneno ya kuifasiria, basi bibi akaisikia kwa majina yake hivyo hivyo. Akauliza kama binti yake aliwahi kuiona. Nikasema hapana, iko mbali sana. Akatikisa kichwa.

Jua lilipopungua wakaitwa kwenda kupokea chakula. Nilimsaidia kusimama, tukaingia kwenye foleni pamoja. Hapo, bila kuulizwa, akanitajia jina alilompa binti yake alipozaliwa, ambalo kambini hapakuwa tena na mtu aliyelijua. Akalirudia taratibu. Nikalijaribu nikakosea, akanirekebisha, nikajaribu tena mpaka likakaa sawa mdomoni.