Ubao wa Bwana Afya

Nakumbuka asubuhi ile ubao uliposhushwa kutoka kwenye Landrova, katika uwanja wa shule yetu ya msingi, likizo ya Aprili, na wanawake wote waliokuwa wakiongea wakanyamaza kwa pamoja kama redio iliyoishiwa na betri.

Mwanangu, kabla sijaendelea: najua mimi niko kidato cha tatu na wewe uko darasa la saba, na mama yako akisikia nakuita mwanangu atanitafuta na mwiko. Vumilia. Wazee wetu wana nasaha za mahari, nasaha za mipaka ya shamba, na nasaha za kukaa mbali na magendo ya kahawa, ingawa hizo za mwisho huzitoa huku wakisaidia kupakia magunia. Hii ya ubao hakuna aliyekuwekea, basi nitakupa mimi.

Wiki moja kabla ya siku hiyo, Bwana Afya wa wilaya alikuja barazani. Alivaa kaptura ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ungeweza kukatia nyanya kwa mkunjo wake. Akasema serikali inataka kujua watu wa Busia wana afya gani. Haitaki kuuliza, maana mtu wa kwetu Marachi ukimuuliza habari atakujibu nzuri hata kama nyumba inaungua nyuma yake. Inataka kupima. Watoto wote ambao hawajaanza shule waletwe, wapimwe uzito, urefu na unene wa mkono. Mahali watoto watakapoonekana wamedhoofika pataletewa muuguzi, maziwa na dawa. Chifu mdogo, aliyekaa kando yake, akapiga makofi kabla hajaambiwa. Kama afya ya lokesheni yetu ingepimwa kwa tumbo lake, tungeonekana tumeshiba kuliko Nairobi.

Mimi nilisikia mambo mawili tu: muuguzi na dawa. Dada yangu Ajiambo alikuwa na mtoto, Barasa, aliyeachishwa ziwa mapema mdogo wake alipozaliwa. Tangu hapo alikula asubuhi uji wa muhogo, na jioni uji wa muhogo. Nywele zake zilikuwa zimegeuka rangi, zikafanana na zile nyuzi za hindi bichi. Miguu ilivimba ikang'aa. Mashavu yalijaa, na wageni walimsifu kwamba amenona. Lakini ukimweka chini alibaki pale ulipomweka. Hafukuzi kuku, hagusi moto, haombi kitu. Kukhu, yaani nyanya yetu mzaa baba, alikuwa akimtazama kila jioni na kusema, "Huyu mtoto anaondoka polepole." Tulishampeleka kwa mama wa mizizi na kwa mwombaji wa kanisa. Hospitali ilikuwa mbali, na baba yake, tanboi, yaani utingo, wa malori ya Malaba, alionekana nyumbani mara chache kuliko mvua ya Januari.

Kwa hiyo siku ya kupima mimi nilikuwa mbele kabisa.

Kumbe ule ubao wa kupimia urefu, wa serikali, ulikuwa umevunjika katika mashimo ya barabara zetu. Bwana Afya, mtu asiyependa kukwama, akaagiza mwingine kwa fundi wa karibu. Na fundi wa karibu, pale mjini Busia, ni Makokha. Nawe unajua Makokha hutengeneza nini. Vitanda pia anatengeneza, lakini kitanda mtu anaweza kukingoja, jeneza hapana. Akachonga ubao wa kulaza mtoto, una kibao cha kuegemeza kichwa upande mmoja, na kingine cha kusukuma mpaka kiguse nyayo. Kwa kupenda kazi yake akauwekea kingo pembeni, akaupaka vanishi yake ileile nyekundu. Sista, muuguzi aliyefuatana na Bwana Afya, akaulaza juu ya meza mbili za darasa, akatabasamu na kuita wa kwanza.

"Huo ni mkono wa Makokha," akasema Mama Taaka, jirani yetu, kwa sauti ya chini.

"Hata mimi nimeujua," akajibu mwenzake.

"Ametengeneza saizi ya watoto."

"Sasa mtoto alazwe humo, apimwe kutoka kichwa mpaka miguu, halafu?"

"Halafu wanajua ukubwa. Unauliza nini tena?"

Hakuna aliyegombana na mtu. Mmoja alikumbuka ameacha maharagwe motoni. Mwingine alisema ng'ombe wake amekata kamba, nami najua hana ng'ombe. Wakaondoka wawili wawili, leso zimewafunika watoto mpaka utosini, na Ajiambo akiwa katikati yao na Barasa wangu. Uwanja ukabaki na wenye gari, chifu mdogo, na mimi.

Bwana Afya akatazama saa. "Watu wa Amukura wananingoja. Saa sita ikifika bila mtoto, nafunga. Nitaandika kwamba hapa hakuna walioletwa."

"Na wakubwa wakisoma hivyo watafanya nini?" nikamuuliza.

"Watafikiri hapa hakuna shida."

Nilikimbia nyumbani. Lakini mimi, mwanangu, mdomo wangu hutangulia miguu. Nilipomkuta Kukhu akichambua mboga za mrenda, nilianza kwanza kumwigizia Mama Taaka akiyakimbilia maharagwe yake, na yule mwingine akimfukuza ng'ombe wa hewani. Niliigiza vizuri. Kukhu hakucheka.

"Umemaliza?"

"Kukhu, wamekimbia ubao! Ubao mtupu! Wajinga kabisa."

"Nabwire, wewe umewahi kuzika mtoto?"

Nikaketi chini kando ya ungo wake.

"Mimi nimezika. Fundi alikuja na kamba ya katani. Akamnyoosha, akapima kutoka hapa," akagusa utosi wake, "mpaka kwa kisigino. Akapiga fundo, akaenda zake. Hapa kwetu, mtu anayepimwa akiwa amelala ni yule haamki. Mama Taaka alimfungulia Makokha mlango mwaka juzi. Leo akikumbuka, wewe unacheka?"

"Lakini Kukhu, sasa Barasa atapimwaje?"

"Hilo ndilo ungeniuliza ulipoingia. Badala yake umekuja kunionyesha sinema." Akasukuma ungo kando. "Nenda ulete dada yako. Mimi natafuta nguo yangu ya kanisa."

"Ya nini? Leo si Jumapili."

"We nenda."

Mlango wa Ajiambo ulikuwa umefungwa kwa ndani, asubuhi kweupe.

"Ajiambo, fungua."

"Niko na kazi."

"Kazi gani ya gizani?"

"Nabwire, peleka mchezo yako mbali. Baba Barasa akirudi kutoka Malaba akute nimelaza mtoto yake kwa sanduku ya Makokha, ataniuliza nini?"

"Na akirudi akute sanduku lenyewe, atakuuliza nini?"

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Kule ndani nikamsikia analia. Ningeweza kuondoka, na wengi wangesema nimejaribu. Nikaketi chini, nikaegemeza mgongo mlangoni, nikamwambia siendi popote. Shule zifunguliwe zinikute pale. Nife njaa pale pale, na nilivyo mrefu, Makokha mbao zitamwishia.

"Wewe huna akili," akasema Ajiambo kwa sauti ya makamasi.

"Sina. Fungua."

Komeo likasogea. "Tunaenda kuangalia. Kuangalia tu."

Tulipofika shuleni, baadhi ya wanawake walikuwa wamerudi wakajipanga nje ya ua, hawaingii wala hawaendi. Dereva alishaanza kuifunga mizani garini. Nikaona hakuna wakati. Nikaruka juu ya ubao, nikajilaza, miguu ikaning'inia hewani kuanzia magotini. "Nitazameni! Niko ndani! Niko hai!" Nikafumba macho, nikayafumbua, nikaketi, nikawapungia mkono.

Walicheka sana. Hakuna aliyesogea.

"Huyo ni Nabwire," Mama Taaka akawaambia wenzake. "Si ndiye alituambia simba ameruka kutoka kwa lori pale Malaba? Nililala na panga."

Mwanangu, siku niliyokuwa na neno la kweli kuliko yote niliyowahi kusema, sikuwa na mtu wa kuliamini. Niliyatumia masikio yao yote kwa upuuzi, na nilipoyahitaji yakawa yameisha.

Ndipo Kukhu akaingia langoni, amevaa nguo ya kanisa na kilemba cheupe. Alipita katikati ya wanawake bila kuwasalimu, akaenda moja kwa moja mezani.

"Nilaze," akamwambia Bwana Afya.

"Mama mzee, hii ni ya watoto wadogo."

"Kwani mimi nilizaliwa nikiwa hivi?"

"Lakini hautatosha..."

"Pima mahali panafika."

Sista na mimi tukamsaidia kupanda. Alilala chali, kichwa chake kikigusa kibao, na Sista akasukuma kile kingine mpaka kikagota magotini. Nilidhani atainuka hapo hapo. Hakuinuka. Alibaki amelala, macho wazi yakitazama juu. Mkono wake ulikuwa umeushika wangu, na ulikuwa unaubana mpaka vidole vyangu vikafa ganzi. Hapo nikaelewa kwamba naye anaogopa. Anaogopa kuliko wao wote, kwa sababu yeye aliijua ile kamba ya katani, na bado amelala.

Kisha akaketi.

"Mmeniona nimelala?"

"Tumekuona, Kukhu."

"Mmeniona nimeamka?"

Wakachungulia juu ya ua.

"Nauliza!"

"Tumekuona."

"Basi. Kama hii mbao inaita kifo, ingenishika mimi. Mimi ndio niko karibu nacho." Akageukia Sista. "Na nyinyi pia, sikieni. Mtoto wetu hatalala kwa mbao tupu kama maiti. Atalala kwa leso ya mama yake, na mama mwenyewe ashike kichwa. Inawezekana?"

"Inawezekana sana," Sista akasema. "Tena hivyo atatulia, nimpime vizuri."

Kukhu hakumtaja mtu. Alisimama tu kando ya meza na kungoja. Ajiambo akapita mlango wa ua peke yake, akafungua leso yake, akaitandika juu ya ubao, akainyoosha pembe zote nne kama anatandikia mgeni. Akamlaza Barasa, akamshika kichwa kwa viganja viwili. Barasa hakulia. Sista akasoma urefu. Akauzungusha ukanda kwenye mkono wa mtoto, ukafunga kwenye rangi nyekundu, ile ya hatari. Akambonyeza mguu kwa kidole gumba, na alipokiondoa shimo likabaki pale, kama mtu amebonyeza ugali uliopoa.

"Mama, huyu hajanona," akasema Sista polepole. "Haya ni maji. Mwili wake una njaa. Anatakiwa maziwa, maharagwe, samaki, na anatakiwa hospitali. Tunaenda naye leo."

"Leo?"

"Leo, si kesho."

Ajiambo akamtazama Kukhu, akanitazama mimi. Kisha akamfunga Barasa mgongoni, akaniachia yule mchanga, mdogo wake Barasa, kwa muda wa kukimbia kuchukua vitu vyake, akarudi, akamchukua, akapanda Landrova na kuketi. Hakumuuliza mwanamume yeyote, wala chifu mdogo, ambaye sasa alikuwa akipiga makofi tena.

Bwana Afya akamwambia dereva ashushe mizani. Amukura wangesubiri mpaka kesho. Mama Taaka aliingia wa pili, na baada yake sikuweza kuwafuata kwa macho. Leso za kila rangi zilipita juu ya ubao ule. Wakapatikana wengine walioingia wakisifiwa unene na wakatoka na karatasi ya hospitali. Baadaye, taarifa ilipofika kwa wakubwa, tuliletewa muuguzi, naye huja na mizani yake kambini kwa chifu mpaka leo.

Barasa alikaa hospitali muda mrefu, akarudi mwembamba kwa sababu maji yalikuwa yametoka, na watu wakalalamika kwamba daktari ameharibu mtoto mnono. Siku ya pili aliingia kwenye kiota cha kuku akavunja mayai yote. Ajiambo alichukua fimbo, akaiangalia, akaketi mlangoni akacheka mpaka akatoa machozi.

Lakini sitakudanganya, mwanangu. Iko nyumba moja upande wa mtoni ambayo hawakuja siku ile. Mimi sikuwafikia, na wengine hawakufikiria kuwafikia. Makokha alienda kwao kabla mvua haijaisha. Ndiyo maana siku hizi, kila likizo, muuguzi akija mimi huanzia mtoni, naenda nyumba kwa nyumba, na mlango ukifungwa nauketia.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukikutana na mtu anayeogopa, usimwigize. Kaa ujue aliona nini. Ukishajua, usimwache pale na hofu yake ukadhani umemheshimu. Tangulia wewe, ulale pale anapoogopa kulala, umshike mkono, kisha urudi mlangoni kwake kesho akikataa leo. Utani ni mtamu, na mimi sitauacha hata kwa viboko, lakini bakiza neno moja ambalo watu wakilisikia kinywani mwako watajua si mchezo. Na watu wa vitabu wakija kutupima, usiwaonyeshe watoto walionona tu ili lokesheni ipendeze. Waletee aliyedhoofika kwanza. Hesabu inayotuficha aibu haitatuletea hata kikombe cha maziwa.

Nenda sasa. Mungu akupe miguu isiyochoka na uso usiotahayari. Chakula unachokula kikujenge, na walio nyumbani kwako washibe kwelikweli, kuanzia aliye mdogo kuliko wote.