Pamba ya Baba Ndani ya Injini

Juzi nilirudi Nchelenge, mji wetu kando ya ziwa, nikapita mahali baba alipokuwa akiunda mitumbwi ya mbao. Sasa ni maduka tu. Lakini kuna mtu nyuma yake alikuwa akichemsha lami ya kuziba paa, na ile harufu iliponifikia nilisimama njiani, mtu mzima na mkoba wangu, nikalia. Wewe usinicheke kwanza, ngoja nikueleze.

Baba alikuwa na gari dogo la spoti, jekundu, la viti viwili, zee kuliko mimi. Alilipata kwa mfanyabiashara wa Kikongo aliyetaka mtumbwi mpya. Wakabadilishana, kila mmoja akaondoka akidhani amemzidi mwenzake akili. Gari lile lilikuwa fupi mno. Wauza chisense, vile visamaki vikavu vya ziwa letu, waliinama kabisa kumsalimia dereva, wakiona raha kumdhihaki. Baba aliwapigia honi tu.

Mwamba wa barabara ya Kabuta ndio uliotuharibia. Ulipasua sampu, lile bakuli la chuma chini ya injini linamokaa oili. Baba aliifungua, akafanya kama alivyofanya kwa kila mtumbwi unaovuja: akachovya pamba kwenye lami ya moto, akaishindilia ndani ya ufa kwa patasi, ndani na nje, akairudisha sampu mahali pake. Haikuvuja hata tone. Alitamba wiki nzima, na sisi tulikula bukari na sombe, ugali wetu na majani ya muhogo, huku tukisikia habari za ufa ule mpaka tukachoka.

Kisha habari zikaja kwamba mdogo wake kambo anaumwa, hainuki tena. Kambo ndivyo sisi watu wa Katanga tunavyomwita bibi, na huyu alikuwa mama yake baba. Vita viliwaleta wote wawili upande huu wa ziwa, mmoja akaishia kwetu, mwingine Chienge, mbali kando ya ziwa. Kambo nyonga zilikuwa zimekufa, hakuweza kupanda lori juu ya magunia ya samaki. Mtumbwi hakuukanyaga tena tangu siku waliyokimbia. Ilibaki gari la baba. Kambo akakaanga karanga za kumpelekea mgonjwa, akavaa kitenge chake kizuri, akakaa mlangoni.

Hatukufika hata nje ya mji. Injini ilipopata moto, taa nyekundu ya oili iliwaka na mshale wa presha ukalala chini. Baba akazima haraka. Alipima kwa kijiti, oili ilikuwa imejaa. Akabadilisha kile kidude kinachowasha taa; ikawaka vilevile. Akamwaga oili, akaweka nzito zaidi, ikawaka. Jirani yetu, fundi wa mashini za mitumbwi, akasikiliza injini ikigonga, akatikisa kichwa.

"Bon, pompi imekufa. Utume mutu Lubumbashi akuletee ingine."

Tukangoja hiyo pompi, yaani pampu ya oili. Wafanyabiashara walivuka ziwa na kurudi, kila mara mikono mitupu. Kambo alikaanga karanga upya zile za kwanza zilipochacha. Baba hakuwaza hata mara moja kuangalia pale alipoziba kwa mkono wake. Kwake kazi ile ilikuwa imekwisha, na nzuri. Mpaka leo roho inaniuma nikifikiria siku zile zote ambazo kambo alikaa mlangoni.

Pompi ilipofika ndipo wakafungua sampu. Oili ya moto ilikuwa imeyeyusha lami, na pamba ya upande wa ndani imetoka ufani uzi kwa uzi, imejazana kwenye chujio ambalo pompi hunyonyea oili. Pompi ya zamani ilikuwa nzima kabisa. Baba alichomoa ile pamba nyeusi kwa vidole. Jirani akachomelea ufa, wakasafisha chujio kwa petroli, na jioni ile ile taa ikazimika.

Asubuhi tuliondoka, mimi nimejikunja nyuma ya viti. Mshale ulisimama vizuri njia nzima. Kambo alisifu gari, akasema linaenda kama kitanda. Tulipofika Chienge, watu walikuwa wamekaa nje kwenye mikeka, wanawake wamefunga viuno. Walikuwa wameshamzika.

Kaburini baba alipiga magoti mbele ya mama yake. "Mama, ni mimi. Ile pamba yangu njo ilikuchelewesha."

Kambo akamshika kichwa. "Acha, mutoto yangu. Umenileta." Kisha akatazama udongo, akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa nani ataniita na jina yangu ya butoto?"

Gari liliuzwa kama vyuma chakavu. Baba hayupo, jirani hayupo, mitumbwi ya pamba na lami siioni tena pwani. Kambo naye alitutoka. Sisi tulimwita kambo, baba alimwita mama, majirani walimwita mama wa fundi, na hakuna aliyethubutu kumuuliza jina lile siku ile wala baadaye. Nimewauliza wazee waliobaki, hapa na ng'ambo ya ziwa. Hakuna anayelijua.