Mstari Mweupe Shavuni

Dada kanitembelea hapa Karatu na kibuyu cha mtindi kutoka nyumbani Malambo. Kilisuguliwa ndani kwa kijinga cha moto, na harufu hiyo ya moshi imenirudisha mbele ya bibi.

Siku ile, tukiwa watoto, mtu alikuwa amelamba utando wa maziwa kwa siri. Bibi akatuambia sisi wawili tuachame. Ndani ya shavu langu akaona mstari mweupe.

“Unamwona, bibi? Utando bado umemganda,” dada akasema.

Alijua mstari ule unatokana na kujiuma shavu nikiogopa. Yeye ndiye aliyezoea kunikanya nisijiume. Pumzi yake ilinuka maziwa. Nilichapwa mimi.

Sasa ananimiminia kikombe.

“Kunywa, mdogo wangu. Mbona unajiuma tena?”