Fimbo ya Pazia Juu ya Trekta

Saa moja kasoro asubuhi, ng'ombe wametolewa kwenda kukamuliwa na zizi liko wazi. Mwanamke wa miaka hamsini na tatu anapanda trekta, anashusha ndoo kubwa ya mbele ya kukwangulia samadi, kisha anafanya jambo ambalo kwa miaka kumi na tisa hakulijua: anatulia kitini. Hachungulii, hapindi shingo. Anatazama nondo moja nyembamba yenye ncha nyekundu.

Shambani wanamwita Shingo. Jina hilo alipewa na wakamuaji, na wala hawakumwonea. Kutoka kitini, ukingo wa ndoo hauonekani. Ikiinama mno, inachimba sakafu ya udongo, maji yanatuama na kwato zinaoza. Ikiinuka, samadi inabaki. Kwa hiyo alikuwa akisimama, akichungulia, akikaa, kisha akisimama tena, asubuhi nzima.

"Nilikuwa twiga wa kuajiriwa," anasema na kucheka.

Mwaka jana shingo iligoma. Daktari alimkataza kuipinda, naye akanyamaza, akawa anaendesha kwa kukisia. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini yeye aliumbuliwa na ng'ombe: wawili walianza kuchechemea. Msimamizi, mtu mwema asiye na maneno mengi, akampa wiki moja.

"Ikichimba tena, dada yangu, utakwenda stoo kugawa chumvi ya mifugo," alimwambia.

Stoo si jela. Kwake, hata hivyo, ilikuwa sawa na kuambiwa kwamba amekwisha.

"Nililia, sitaki kukudanganya. Trekta ndicho kitu ninachokijua."

Jumapili, akiwa amejilaza sebuleni, macho yake yalitua kwenye fimbo ya pazia, bomba jembamba lenye uwazi ndani. Akamwita mumewe, fundi wa kuchomelea.

"Mke wangu, hiyo ni ya pazia, si spea," mume alilalamika.

"Leo ni spea, baba. Lete msumeno."

Pazia likaning'inizwa kwa kamba, na mpaka leo liko hivyo. Jioni hiyo, shambani, wakalifunga bomba kwenye mkono wa trekta unaobeba ndoo, wakaunganisha nondo nyuma ya ndoo ili ipite ndani ya bomba. Wakailaza ndoo sawasawa juu ya saruji, wakakata nondo pale inapolingana na mdomo wa bomba na kuipaka ncha rangi nyekundu. Ncha ikichomoza, ndoo imeinuka. Ikizama, imeinama.

Jumatatu, mbele ya msimamizi, ncha ililingana vizuri kabisa, lakini ndoo ikateleza juu ya samadi na kuacha tabaka la vidole viwili. Wakamuaji walicheka hadi wakashika mbavu. Msimamizi alitikisa kichwa na kuanza kuondoka.

Shingo alishuka, akazunguka trekta, akazipiga teke tairi za mbele. Zilikuwa ngumu kama jiwe. Kila Jumatatu alfajiri huzijaza upepo, na siku hiyo alizijaza kwa mazoea tu. Jana yake, walipopima, zilikuwa zimelegea na pua ya trekta imeinama; sasa pua ilikuwa imeinuka, pamoja na ukingo wa ndoo.

"Nililipima likiwa limepiga magoti, nikalipa kazi likiwa limesimama! Nikamkimbilia bosi, nikamwambia, nipe nusu saa."

Alipewa. Mume akaitwa, akaja na msumeno, akapunguza bomba upana wa kidole ili ncha ilingane ndoo ikiwa imeinama kidogo zaidi. Safari hiyo ndoo ilipita na kuacha udongo mkavu nyuma yake, bila shimo. Kicheko kilikoma chenyewe.

Miezi saba imepita na hakuna ng'ombe anayechechemea. Zizi lililokuwa likimchukua saa tatu sasa linamchukua mbili. Msimamizi amemwomba afunge kifaa hicho kwenye matrekta mengine mawili, "ila fimbo za pazia atafute kwingine," anaongeza, akijaribu kutocheka.

Shingo amebakiza miaka saba kustaafu, na anataka kuimaliza yote palepale kitini.

"Siku ya kushuka itafika, najua," anasema, mkono wake ukiwa juu ya usukani. "Ninachoomba ni kimoja. Nishuke mwenyewe, nisishushwe."