Bashi kwetu, mianzi kwao

Nakumbuka ile asubuhi nilikuwa nimevaa shapo, kofia ya muntu ambaye sijawahi kumusalimia na mukono. Foto yake ilikuwa hapa, kwenye paji la uso wangu, anacheka meno yote, na mimi chini yake nacheka vilevile kama mujinga. Mwanangu, kaa kidogo nikuelezee. Utanicheka, na uko na haki. Ila hutacheka mpaka mwisho.

Kule kwetu, juu ya Bihambwe, gari haipandi. Mugonjwa anashuka na kipoyi: mianzi mbili ndefu, bashi, turubai ngumu, imeshonwa katikati, wanaume wane wanabeba, wane wengine wanafuata kupokezana, mpaka kwenye barabara, mpaka sentre ya afya. Kila nyumba inatoa muntu. Hata yule mwenye mbuzi yake ilikula maharagi yako, siku ya kipoyi unaweka bega karibu na lake. Hiyo njo ilikuwa serikali yetu, na ilikuwa inafanya kazi.

Gari haipandi, lakini kampanye ya uchaguzi ilipanda. Parti ya kwanza, ya yule wa foto mwenye kutaka ubunge, ilituletea shapo na bashi mupya ya kipoyi, juu ile ya zamani ilikuwa imepasuka. Parti ya pili ilileta tisheti na chumvi. Mimi nilisomaka primere mpaka mwaka wa tano. Wa sita niliukimbia mbele haujanishika. Lakini nilijua kuandika jina bila kusahau herufi, basi parti ya shapo ikanifanya sekretere. Sekretere! Nikaanza kutembea mikono nyuma kama shefu.

Shemeji yangu Bahati, kaka ya bibi yangu Noella, alikuwa wa parti ya chumvi. Mbele ya hapo tulikuwa tunakunywa kasiksi, pombe ya ndizi, kwenye kibuyu kimoja. Siku moja ya Mungu, watu wametoka kanisa, akaniita mbele ya wote.

"Sekretere! Depite wako atakuletea barabara ndani ya shapo?"

"Na wako alileta chumvi. Imwange kwenye mulima tuone kama gari itapita."

Watu wakacheka, nikaona nimeshinda. Kinywa yangu ikaendelea peke yake: "Na kuanzia leo bashi ni ya parti yetu. Muntu wa chumvi asilale ndani."

Bahati hakucheka. "Sawa. Mianzi ilitoka kwenye shamba yangu. Mutabeba wagonjwa wenu kama viazi."

Akaenda na mianzi, akaifungia kwake. Mimi nikakunja bashi, nikaiweka chini ya kitanda. Noella, mimba imeshakuwa kubwa, alisimama kwa mulango akatuangalia. "Nyinyi wawili muko na akili kweli?" Nikamujibu siasa si mambo ya wanamuke. Ndiyo, nilisema vile. Ukitaka kunipiga kofi, pitia nyumbani, sitakimbia.

Wiki mbili nyuma ya pale, kumepambazuka, uchungu ukamushika. Mama Vumilia, mwenye kuzalisha wanamuke wa kwetu, akamugusa tumbo, akatoka inje uso umebadilika. "Mutoto amekaa vibaya. Ashuke sasa hivi."

Nikavaa shapo, nikabeba bashi kwa bega, nikaanza kuita watu. Unajua niliita nani? Watu wa liste yangu, orodha ya parti. Bibi yangu analia ndani, na mimi nasoma liste! Wa chumvi walisimama kwenye viwanja vyao wananiangalia, wanangoja niwaombe, na mimi sikuomba. Bahati alikuwa ameshuka kwenye soko, nyumba yake ilikuwa na kifuli. Tukakata miti mibichi ya kalitusi. Kwenye muteremuko wa kwanza ikavunjika, Noella akaanguka kwenye matope.

Jua ilikuwa imeshapanda wakati tuliona Bahati anakuja mbio na mianzi yake, habari ilimukuta kwenye soko akapitia njia ya mukato kuifungulia, analia kama mutoto. Hapo wote wakaweka bega, shapo na tisheti, bila liste. Ila tulikuwa tumechelewa. Mutoto alizaliwa kando ya daraja. Binti. Hakulia hata mara moja.

Papa Kalinda, baba ya Noella, alikuwa anatufuata na fimbo yake. Alinitoa shapo kwa kichwa, pole pole, kama unavua muntu kofia kanisani.

"Mutoto wangu alikuwa anakuita," akaniambia. "Kila akifungua macho anaona sura ya huyu wa shapo. Ya kwako ilikuwa wapi?"



Sasa sikia kitu kinanichoma. Miezi kidogo tu, radio ikasema depite wa shapo na depite wa chumvi wameungana. Wako Kinshasa, kundi moja, wanasifiana! Hakuna hata mumoja alipanda kuuliza ile kaburi ndogo mimi na Noella tulimuzikia binti yetu iko wapi. Barabara? Matope ni yaleyale, nayajua kwa majina.

Kwa hasira nikasema wote ni wamoja, sichagui tena. Kura iliyofuata nikalala nyumbani. Nilijiona nimewaazibu! Kumbe wao walifurahi: wengine walinichagulia muntu, hata jina yake nilikuja kujua akiwa ameshamaliza muda. Na mara ya mwisho, vita ilitukimbiza, kwetu hakukuwa na kura kabisa. Nilisimama kwenye mustari wa maji huko kambini kwa wakimbizi, bidon kwa mukono, nikatamani ule mustari ungekuwa wa kuchagua. Kile nilitupa mwenyewe, sasa walikuwa wameninyanganya.

Njo maana wiki iliyopita nilikasirika. Radio ilikuwa inaeleza Uingereza: parti zao kubwa zinatukanana, na watu wengine wamechoka, wanasema hawaoni tofauti, wanabaki nyumbani. Espoir, mutoto wa dada yangu, akapiga makofi. "Unaona, Papa? Hata kule wamechoka! Siye tunachagua ya nini?" Na ni yeye, siku ileile, alikuwa amekataa kumusalimia jirani yake juu ya parti! Parti inakufanya umuchukie jirani, halafu unaona kwenda kuichagua ni kazi bure. Akili gani hiyo? Ni yangu, ya zamani. Nairudia kuiona kwa kichwa ya mwingine, nasikia haya.

Basi, mwanangu, shika hii. Bishana, ila kipoyi isiingie kwenye mabishano. Shapo wakikupa, vaa kwa jua, vua mbele ya muntu mwenye shida. Siku ya kura ikirudi kwetu, enda, hata na hasira. Hasira yako ipeleke kule, usiilaze kitandani. Na yule utamuchagua, umuulize barabara kila siku mpaka akimbie sauti yako.

Mungu akupe majirani wa kukubeba bila kukuuliza parti, na akupe bega la kuwabeba wao. Na watoto wako walie sana siku ya kuzaliwa, mulima wote usikie.