Mnofu wa Nyumba Mbili

Nilikuwepo mwenyewe, tena mbele kabisa, kwenye meza ya muuza nyama sokoni Wete, na macho yangu hayajapata kunidanganya hata siku moja.

Alikuja mzee mmoja wa Wingwi, mwenye wake wawili, akaweka mapakacha mawili mezani. Muuza nyama, anayemjua siku nyingi, akashika nundu ya ng'ombe, mafuta matupu.

"Hii ya bibi mkubwa, kama kawaida?"

Mzee akaisukuma kwa kidole kimoja. "Hapana, bwana. Daktari kasema akila mafuta damu itampanda, atanifia. Mtilie mnofu mtupu."

"Na bibi mdogo?"

"Yule mzima. Mtilie hiyo nundu."

Muuza nyama akaweka kisu chini. "Ala! Mzee wangu, bibi mkubwa akisikia nundu yake imehamia kwa mwenzake, hiyo damu si itampanda hata bila ya kula?"

Tukaangua kicheko soko zima. Mzee akayatazama mapakacha yake, hili na lile.

"Basi tia mnofu kote," akasema taratibu. "Bibi mdogo nilishamwahidi nundu, nitamwomba radhi."

Mimi, wa darasa la nne ninayewashinda wa darasa la nane, nasema daktari aliijua damu ya yule bibi, lakini muuza nyama alimjua bibi mwenyewe.

Ila kile kicheko nimekitia mimi, kisa kichangamke. Kweli hasa, hakuna aliyecheka. Aliyefuata nyuma ya mzee aliulizwa anataka nyama gani, akaanza kwanza kuwahesabu wake zake kwa vidole.